Tone Juu ya Jani la Gimbi

Mwalimu hakuwahi kunywa maji ya mtu bila kuyanusa kwanza. Umemkaribisha kwako, umempa kiti kizuri, umesuuza glasi mara mbili, naye anaipokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, halafu anaipeleka puani. Wenyeji wengine walichukia. Mama mkwe wangu alinivuta jikoni akaniuliza, "Huyu mwalimu wako anadhani sisi wachawi?" Nikamwambia hapana, mama, ndivyo alivyo, hata kwake hunusa. Na ilikuwa kweli. Hata chai aliyoipika mwenyewe, kwenye sufuria yake mwenyewe, aliinusa.

Ninayakumbuka haya kwa sababu ya simu. Mwanawe anayeishi Dar alinipigia Jumatatu moja, niko sokoni napanga karoti. Akasema, "Dada, niambie ukweli. Mama anaweza kuendelea kukaa peke yake? Wewe ndiye jirani, unamwona kila siku. Ukisema anaweza, namwacha. Ukisema hawezi, Jumamosi nakuja na gari, namchukua. Nitakupigia Alhamisi jioni unipe jibu." Jamani! Mtu anakuachia mama yake kama anayekuachia mzigo stendi, kwamba niangalizie hapa nakuja. Mwalimu hakutaka kwenda Dar. Alishaniambia wazi kwamba siku atakayoondolewa hapa Bigwa, akaacha maji yanayoshuka mlimani akaenda kunywa maji ya kisima yenye chumvi, itakuwa wamemzika kabla ya siku yake. Na mimi nilijua jambo ambalo mwanawe hakulijua. Pua ya Mwalimu ilikuwa imekufa.

Alinifundisha kemia sekondari, wakati nimeshuka kutoka Mgeta na sanduku la bati na woga wa kila kitu cha mjini. Baadaye maisha yakatufanya majirani, ukuta kwa ukuta. Nina watoto watatu na biashara ya mboga, lakini kwake nilibaki "binti wa Mgeta". Akitaka chumvi ataita juu ya ukuta, "We binti wa Mgeta!" na mimi nitasimama wima kana kwamba sijamaliza zoezi.

Darasani alikuwa mtu wa vitendo. Siku ya somo la maji alikuja na chanuo la plastiki. Alilisugua kwenye sweta yake mpaka tukaanza kucheka, akafungua bomba la maabara kidogo sana, maji yakashuka membamba kama uzi. Akasogeza chanuo karibu, bila kuyagusa. Ule uzi wa maji ukapinda ukalifuata. Kisha akalisugua tena, akachukua mafuta ya taa, akayapitisha kwenye faneli yenye mdomo mwembamba, akasogeza chanuo lile lile. Mafuta yakashuka wima, hayana habari.

"Molekuli ya maji ina pande mbili," alisema. "Oksijeni ni mchoyo, anavutia elektroni kwake. Upande wake unapata chaji hasi kidogo, haidrojeni wawili wanabaki na chanya kidogo. Sasa haidrojeni wa huyu anamshika oksijeni wa jirani yake. Wanashikana, wanaachiana, wanawashika wengine. Maji ni watu wa kijiji kimoja. Mafuta ya taa hayana pande. Yamekaa kama abiria wa basi la mkoani, bega kwa bega, na hakuna anayemjua mwenzake."

Mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, kwenye mtihani tuandike basi la mkoani?"

"Andika uone."

Kwa hiyo kushikana kwao, alitufafanulia, ndiko kunakofanya tone la maji lijikunje liwe duara badala ya kutawanyika. Ndiko kunakofanya sufuria ya maji ichelewe kuchemka mpaka mpishi atukane. Spiriti nayo inashikana, ila si kwa nguvu kama maji, ndiyo maana nesi akikupaka mkononi inakauka kabla hujamaliza kuogopa sindano. Petroli ndiyo haijashikana kabisa, inaruka tu, na mvuke wake unatambaa chini kwa chini kutafuta moto. Akifika kwenye petroli sauti yake ilibadilika. Kila gari la mafuta lililopita barabara kuu kuelekea Mikese alilisindikiza kwa macho mpaka lipotee. Ukiwa naye njiani hukuweza kuendelea na mazungumzo, ilibidi usubiri.

Alikuwa na msemo wake: "Macho hayajasoma kemia." Alimaanisha kwamba maji, siki, spiriti na mafuta ya taa yaliyochujwa vizuri vyote ni angavu, na macho yatakuambia ni ndugu. Alichukia kupita kiasi ile desturi yetu ya kwenda dukani na chupa ya soda kupimiwa mafuta ya taa. "Chupa ya soda imemwahidi mtoto utamu," alisema. Akikuona umeibeba atakusimamisha njiani mbele za watu, na hajali wewe ni mke wa nani. Watu walimkimbia. Mimi mwenyewe nilikuwa napita njia ya nyuma.

Lakini ninyamaze, maana mtoto aliyekunywa alikuwa wangu.

Kifungua mimba wangu alikuwa ndiyo kwanza anakimbia. Umeme ulikuwa umekatika, shangazi yangu aliyekuja kututembelea alijaza taa akaiacha chupa chini karibu na mlango. Nilisikia kikohozi. Nilipofika mtoto ana harufu ya mafuta ya taa mdomoni, macho yamemtoka. Shangazi akapiga yowe, na uwani pakajaa watu. "Mpeni maziwa! Maziwa yanakata sumu! Mtapishe, mtapishe!" Shangazi akamshika mtoto kichwa, kidole tayari kinaelekea kooni. Sijui Mwalimu alipitia wapi. Nilichoona ni mkono wake ukimpiga shangazi yangu kofi la kiganja, mtu mzima, mgeni wa nyumba, paa!

"Hakuna kumtapisha! Hakuna maziwa! Mafuta haya mepesi, yakipanda tu kooni yatateleza yaingie kwenye mapafu, na huko hakuna wa kuyatoa. Bodaboda iko wapi?"

Alipanda nyuma yetu, mtoto katikati, amemkalisha wima kifuani kwake, na njia nzima hadi hospitali alikuwa anamwimbia. Hakuwa na sauti, maskini, aliimba kama anayesoma tangazo. Daktari alimlaza mtoto tukakesha tukisikiliza pumzi zake, na akapona. Leo ni kijana anayekula ugali wa watu wawili. Shangazi yangu mpaka anaingia kaburini hakumsamehe Mwalimu lile kofi, na mpaka anaingia kaburini alimletea maharage kila mavuno.

Sasa mtu kama huyo, ungetarajia nyumba yake iweje? Kila chupa na karatasi yake, maandishi makubwa mekundu. Loh! Nyumbani kwa Mwalimu palikuwa na rafu nzima ya chupa ambazo hazikuandikwa kitu. Siki, spiriti ya kuchulia magoti, mafuta ya taa, dawa ya kung'arishia mashuka, maji yaliyobarikiwa na padri, zote kwenye chupa zinazofanana. Alitugombeza sisi wote, yeye mwenyewe hakuandika. Nilimwuliza. Akanijibu kwa kiburi ambacho hakikumkaa vizuri mtu wa kanisani, "Lebo ni za watu wasio na pua."

Alikuwa nayo kweli, tusimnyime. Alinusa mvua kabla wingu halijavuka mlima. Kutoka uwani kwake alijua kwangu dagaa wameanza kuungua.

Halafu yakaja yale mafua, mwaka huo yalitupitia wote. Sisi tulipona tukasahau. Yeye alipona pia, akatembea, akaenda misa, akagombana na muuza mkaa. Sikujua kitu mpaka siku niliyosikia harufu ya maharage yanayoungua, nikaruka kwenda kwake. Moshi umejaa jikoni, na Mwalimu amekaa pembeni ya jiko, mgongo umelielekea, anachambua mchele taratibu. "Mwalimu, maharage!" Aligeuka. Niliiona hofu usoni mwake kabla hajaificha. Akasema alikuwa anayajua, alitaka yakauke kidogo.

Nilikaa na siri hiyo kama mtu aliyemeza kokwa. Mimi sasa ndiye nikawa nanusa. Nikiingia kwake najifanya natafuta kibiriti, kumbe nazungusha pua kwenye rafu. Nilimwambia tuandike zile chupa. Akanuna siku nzima. Kisha akaja na lake, akaniomba nikienda Mgeta nimletee mche wa gimbi.

Magimbi aliyapanda uwani, pale maji ya kuoga yanapopita, na yakashamiri. Kila asubuhi alikata jani, akalikung'uta, akadondosha juu yake tone la kila alichotaka kutumia. Tone la maji kwenye jani la gimbi halilali. Linajikunja, linang'aa kama shanga, linabingirika huku na huko. Mafuta ya taa yanalala papo hapo yanatanda, na spiriti hali kadhalika. "Jani lina nta," alisema, amefurahi kama mtoto. "Maji hayaitaki nta, yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Mafuta na nta ni ndugu, yanakumbatiana. Nimepata pua nyingine, binti wa Mgeta."

Nilifurahi naye, ila moyo haukukaa. Maana siki pia hujikunja, na ile dawa ya mashuka ikiwa imechanganywa na maji hujikunja pia. Jani litakuambia hiki si mafuta, halitakuambia hiki ni salama. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, na nilipomkumbusha alijifanya hasikii. Basi Jumatatu mwanawe aliponiuliza, mdomo wangu ulikuwa na majibu mawili na yote mawili yalikuwa yananisaliti. Nikisema anaweza, halafu asubuhi moja nimkute chini na kikombe pembeni? Nikisema hawezi, mimi niliyepewa uhai wa mwanangu na mikono yake, ndiye nimfukuze kwake?

Jumanne nilimpelekea mchicha nikashindwa kumwangalia. Jumatano wakaja akina mama wa jumuiya ya kanisani. Ni desturi yao, mzee akikaa peke yake wanakwenda kwa zamu kumsafishia nyumba. Walifua, walisugua, waliimba, mapovu yalifika barabarani. Nilifurahi, nikajisemea angalau leo ana watu.

Alhamisi nilikuwa Mgeta tangu alfajiri kufuata kabichi. Lori lilikwama kwenye utelezi, tukasukuma, tukatukana, nikafika Bigwa jua limekwisha kuinama. Nikawaambia wapakuzi washushe matenga kwangu, nikaenda kwa Mwalimu moja kwa moja, maana simu ya Dar ilikuwa inakaribia na bado sikuwa na jibu. Mlango umefungwa.

"Hodi!"

Nikagonga kwa nguvu.

"Hodi, Mwalimu!"

"Pita." Sauti ilikuwa kavu, sikuitambua.

Nilimkuta uwani. Ndoo zote zimepinduliwa, mtungi umelazwa ubavu, ardhi imelowa tope. Yeye amekaa kwenye kigoda, midomo imepauka, na majani ya magimbi yaliyokatwa yametapakaa miguuni mwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usinywe kitu humu ndani."

"Kuna nini?"

"Yanalala," alisema. "Tone la ndoo kubwa linalala. La mtungi linalala. Nimebadilisha jani, linalala. Kuna kitu kimeingia kwenye maji yangu yote. Wale mama wamechanganya chupa, au nimechanganya mimi. Sijui. Nimeyamwaga."

"Hujanywa tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na bomba?"

"Halitoki tangu jana jioni."

"Mungu wangu! Si ungepiga hodi hapo kwa jirani, fundi cherehani? Si ungeomba kikombe kimoja tu cha maji?"

"Niombe maji, halafu jioni umwambie nini mwanangu?"

Kumbe alijua. Alijua tangu Jumatatu, labda mwanawe alimdokeza, labda aliuona mchicha wangu na macho yangu yanayokimbia. Nilijisikia vibaya sana. Niliinama kuokota jani ili nisimtazame, na hapo ndipo kidole changu kikateleza. Jani la gimbi halitelezi hivyo. Nikalinusa.

"Mwalimu, jana walifua nini?"

"Mablanketi. Mapazia. Kila kitu."

"Na maji ya mapovu waliyamwaga wapi?"

Wote tuliangalia magimbi yake, yamesimama mabichi kabisa, yameogeshwa sabuni ya unga kuanzia juu hadi shinani. Hakuna mwanamke wa Morogoro anayemwaga maji bure wakati kuna mmea wa kumwagilia. Mimi pia ningeyamwaga hapo hapo.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba sabuni ni mshenga, mkono mmoja umeshika maji, mkono wa pili umeshika mafuta, na ikiingia kati hata wasiotakana wanakubaliana. Palipo na sabuni, tone la maji haliwezi kujikunja hata liwe safi namna gani.

"Mshenga," alisema polepole. "Mshenga, na mimi sikumwona."

Nilikimbia kwangu. Matenga ya kabichi tunayafunika na majani ya magimbi yasipigwe na jua, desturi yetu sisi wa Mgeta, nikachomoa moja bichi. Nikachukua na chupa yangu ya maji niliyoijaza kwenye chemchemi huko juu, ilikuwa imebaki nusu. Nikarudi, nikalitandaza jani kwenye mapaja yake, nikadondosha tone. Likajikunja. Likabingirika mpaka katikati ya jani likatulia pale.

Nikampa chupa. Aliipeleka puani kwa mazoea, akakumbuka, akaishusha, akanywa kwa pupa hadi maji yakamwagikia kifuani. Nilimwona amezeeka. Sikuwa nimemwona hivyo kabla.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Niliitoa nikaishika tu, jina la mwanawe limeandikwa hapo, inalia na kulia. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Lete."

Nilimpa.

"Mwanangu. Ndiyo, ni mimi. Jirani hana jibu, usimsumbue, jibu ninalo mimi. Leo nimeshinda na kiu na maji yangu yalikuwa mazuri." Akasikiliza. "Hapana, hapakuwa na sumu, sikiliza kwanza. Kukosea hukosea aliye na pua na asiye na pua. Hilo si neno. Neno ni kwamba nilikuwa na kiu, jirani yupo hatua chache, na nikaogopa kubisha hodi. Mtu akifika hapo asikae peke yake. Njoo Jumamosi."

Nilipumua. Wallahi nilipumua, tangu Jumatatu sikuwa nimepumua namna ile, na pumzi ile ile ikageuka kilio. Nililia mbele yake kama msichana aliyefeli mtihani. Aliniacha nilie kwanza, halafu akasema, "Haya, basi. Una kalamu?"

"Ya nini?"

"Nyumba haiachwi na chupa zisizo na majina. Pua unayo wewe. Nusa, uandike."

Tuliingia ndani. Nilizishusha moja moja kutoka kwenye rafu, nanusa, nasema, yeye anakata karatasi na kuzipaka gundi ya unga. Siki. Spiriti. Mafuta ya taa. Kila jina alilirudia taratibu, kama anayeita mahudhurio. Moja haikuwa na harufu yoyote, na jani lilisema maji. "Jani halijui kila kitu," alisema, nikaenda kuimwaga shimoni bila kubishana. Rafu ilipokwisha, akaonyesha kwa kidole chupa yangu ya Mgeta niliyoiacha mezani.

"Na hiyo?"

"Hii ni yangu, Mwalimu."

"Iandike."

Nikaandika, nikabandika.

"Umeandika nini?"

"Maji."

"Una hakika?"

Nilifungua kifuniko nikanywa funda moja, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, na hakuipeleka puani. Aliinua moja kwa moja akanywa.